Siku Nilipoanza Kumwambia Mungu Ukweli

Kwa miaka mingi nilijulikana kanisani kama mtu wa maombi. Ibada ikihitaji wa kufungua kwa sala, jina langu ndilo lililotajwa kwanza. Nilijua pa kupandisha sauti na pa kuishusha, nilijua mstari upi uingie wapi, na watu walipoitikia "Amina" niliona mimi na Mungu tuko sawa.

Siku moja baada ya ibada mama mmoja alinijia, akanishika mkono. "Mwanangu," akasema, "nikumbuke kwenye maombi yako ya asubuhi. Mtoto wangu anaumwa." Nikamjibu, "Nitakukumbuka, mama." Nikaondoka. Nilikuwa njiani kurudi nyumbani maneno yale yaliponirudia: maombi yako ya asubuhi. Sikuwa nayo. Nikajaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho nilikaa peke yangu nikazungumza na Mungu pasipo mtu wa kunisikia, nikakosa jibu. Kila sala niliyoikumbuka ilikuwa na watu ndani yake.

Namwandikia mtu aliyefika hapo. Hujamwacha Mungu. Unaenda ibadani, unatoa, unahudumu, labda hata unafundisha wengine. Ila mkibaki wawili tu, wewe na Yeye, huna la kusema, na hali hiyo inakutisha kwa sababu hakuna anayeijua.

Hatua yangu ya kwanza haikunisaidia. Nilijiwekea ratiba kubwa: kuamka saa kumi alfajiri, saa nzima ya maombi, sura tano za Biblia, kufunga mara mbili kwa juma. Nilidumu siku tisa. Siku ya kumi usingizi ulinishinda, na siku ya kumi na moja niliamka na aibu. Kwa aibu hiyo nikakaa karibu mwezi mzima bila kupiga goti. Aibu hufanya hivyo: humkimbiza mtu mbali na yule yule awezaye kumwondolea.

Katika mwezi huo nilirudia kusoma habari za bustani ya Edeni. Adamu na mkewe wamejificha katikati ya miti, na Mungu anaita, "Uko wapi?" Tangu utotoni nilikuwa nimelisikia swali hilo kama sauti ya hakimu. Safari hii nililisikia kama sauti ya mtu anayetafuta. Mungu alijua Adamu alikuwa nyuma ya mti upi. Alichotaka ni Adamu mwenyewe aseme alipo.

Basi asubuhi moja nilikaa tu kitandani, nikasema: "Bwana, sina hamu ya kuomba. Sina hakika kama nakupenda jinsi ninavyowaambia watu kwamba nakupenda. Nimechoka kujifanya." Nikanyamaza. Sikusikia sauti, wala sikububujikwa machozi. Lakini nilijua nimemwambia neno la kweli, la kwanza kwa muda mrefu, na kesho yake nikatamani kurudi.

Kama kuna ushauri mmoja wa kuubeba kutoka hapa, ni huo: anza kwa kusema ulipo. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Ukimletea Mungu mtu wa kutengeneza, mwenye imani usiyo nayo na furaha usiyoisikia, huyo mtu wa kutengeneza ndiye atakayeonekana kukua, na wewe utabaki vile vile nyuma yake.

Kilichonipa ujasiri ni Zaburi. Wengi wetu tunazishika za faraja, ya 23, ya 91, ya 121, na ni vizuri tuzishike. Lakini kati ya zile 150 zimo nyingi za kulia na kulalamika, na hizo huwa tunazipita upesi. Zaburi ya 13 inaanza, "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Hayo ni maneno ya mtu wa imani, akimwambia Mungu usoni kwamba anajiona amesahauliwa. Ya 88 ni nzito zaidi. Zaburi nyingi za maombolezo hugeuka mahali fulani zikaingia katika sifa. Hii haigeuki. Inaanza kwa kumwita Mungu "Mungu wa wokovu wangu", kisha inashuka, inashuka, hadi inaishia gizani. Na bado imo katika Maandiko. Hakuna aliyeiondoa kwa kuwa haina ushuhuda mwishoni. Nilipoielewa hivyo nilikaa nayo karibu juma zima, kwa sababu ilikuwa inaniombea.

Jaribu hivi. Chukua zaburi moja ya maombolezo, isome kwa sauti ya chini, na ukifika kwenye mstari unaosema habari zako, simama hapo. Useme tena kwa maneno yako mwenyewe. Taja majina ya watu, taja deni, taja ugonjwa, taja wivu ulio nao. Yule baba aliyemleta mwanawe kwa Yesu katika Marko 9 alilia, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Yesu hakumwambia kwanza aende akamalize mashaka yake ndipo arudi. Alimponya mtoto. Hiyo sala ya maneno manne nimeiomba mara nyingi kuliko sala yoyote nyingine ya kwangu.

Kuhusu Neno, nililazimika kujifunza upya kusoma. Nilikuwa nasoma kama mtu anayetafuta la kuwaambia wengine: naona mstari mzuri, nauandika, nauweka tayari kwa zamu yangu ya kufundisha. Mstari unanipitia mikononi bila kugusa moyo. Zaburi ya kwanza inamsifu mtu ambaye sheria ya BWANA "huitafakari mchana na usiku", na neno la Kiebrania lililo nyuma ya "kutafakari" lina maana ya kunong'ona, kutamka kwa sauti ya chini. Isaya 31:4 inalitumia neno hilo hilo kwa simba anayenguruma juu ya mawindo yake. Picha hiyo naipenda sana. Simba yule hana haraka. Amelishika windo, analingurumia, hataki kunyang'anywa.

Kwa hiyo soma kidogo, na usome kwa kinywa. Biblia ina sura 1,189. Anayeimaliza kwa mwaka mmoja husoma zaidi ya sura tatu kila siku, na kwa aliye na nguvu hilo ni jambo jema. Lakini kwa aliye mkavu, mpango kama huo hugeuka deni, na kila siku anayokosa deni linaongezeka. Ningemshauri aanze na Injili ya Marko, sura 16 tu, tena hata nusu sura kwa siku. Neno likikushika, usiendelee mbele. Kaa nalo, liende nawe kazini, lirudi nawe jioni.

Simu usiiguse kabla ya hapo. Sina maneno mengi juu ya hilo: yangu sasa hulala chumba kingine.

Tena usitegemee kwamba asubuhi moja nzuri itakutosha juma zima. Wana wa Israeli jangwani walipewa mana ya siku hadi siku. Waliobakiza mpaka kesho yake waliikuta imeingia mabuu na kunuka. Mungu angeweza kuwapa ghala zima kwa mara moja. Aliwafanya wainame kila asubuhi waokote. Mimi nilikuwa nikiishi kwa mana ya zamani, kongamano la mwaka fulani, mkesha fulani, siku fulani niliyoguswa sana, na nilikuwa nikiwasimulia watu mambo hayo kana kwamba yalitokea jana.

Huenda unauliza, na saa zote zilizobaki je? Siku ni ndefu, kazi ni nyingi, watoto wanaita. Hapo mwalimu wangu ni Nehemia, mnyweshaji wa mfalme wa Uajemi. Mfalme Artashasta anamuuliza anataka nini, na Nehemia anaandika kwamba alimwomba Mungu wa mbinguni, kisha akamjibu mfalme. Sala hiyo lazima ilikuwa fupi kuliko pumzi moja, maana mfalme alikuwa akingoja jibu. Ndivyo ninavyoomba sasa mchana kutwa. Kabla ya kupokea simu ninayoiogopa: "Bwana, nipe upole." Nikimwona mtu aliyeniudhi: "Mbariki, na unisaidie nimaanishe." Lakini ukirudi sura ya kwanza ya kitabu chake utamkuta Nehemia yule yule akilia, akifunga na kuomba kwa siku nyingi, na kati ya mwezi wa Kisleu alipopata habari za Yerusalemu na mwezi wa Nisani aliposimama mbele ya mfalme ilipita miezi kama minne. Sala fupi ya ikulu ilikuwa na mizizi. Niliwahi kujaribu kuishi kwa zile fupi peke yake, nikisema Mungu anaelewa kwamba sina muda, na baada ya majuma machache hata hizo fupi zikakauka.

Sasa nifike penye ugumu, kwa sababu nisingekuwa mkweli nikipita hapa. Ukianza kumwambia Mungu ukweli, naye huanza kukuambia wako. Kulikuwa na ndugu mmoja tuliyekosana kwa maneno niliyoyasema mimi. Kila nilipoinama kuomba, uso wake ulikuja. Nilikemea, nikidhani ni shetani anayenivuruga. Nikaongeza muda wa maombi. Uso ukabaki. Kisha nikakutana tena na Mathayo 5, mtu aliyefika na sadaka yake mpaka madhabahuni, akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake. Yesu anamwambia aiache sadaka pale pale, aende kwanza akapatane. Ilinichukua siku tatu kumpigia simu. Nilimwomba radhi bila kuweka "lakini" katikati. Hakunijibu kwa furaha, akasema tu, "Nimesikia." Jioni hiyo nilipoomba, kile kizito kilichokuwa kikinibana kifuani kilikuwa kimeondoka.

Niweke tahadhari hapa, maana najua neno hili limewahi kutumiwa vibaya. Kuomba radhi pale ulipokosa hakumaanishi kurudi mikononi mwa mtu anayekupiga au kukudhulumu. Ninazungumza juu ya kosa lako wewe, lile ambalo moyo wako tayari unalijua.

Pia tafuta mtu. Mmoja anatosha. Yakobo 5:16 inasema tuungamiane dhambi na kuombeana, tupate kuponywa, na kwa muda mrefu niliusoma mstari huo kana kwamba unawahusu watu wenye dhambi kubwa kubwa. Mtafute anayetunza siri, asiyeshtuka upesi, na asiye na haja ya kukuona mkamilifu. Wangu ni mtu mzima ambaye hasimami kamwe mbele ya watu kanisani. Huniuliza swali moja tu tukikutana, "Mlizungumza nini leo?" Siku ambazo jibu ni "hatukuzungumza", hanihubirii. Ananiambia, "Haya, tuzungumze naye sasa," tunasimama hapo hapo tulipo.

Zitakuja siku utakapofanya yote haya na bado moyo uwe kama jiwe. Kabla hujajihukumu, mkumbuke Eliya katika 1 Wafalme 19. Ametoka kuona moto ukishuka Karmeli, na sasa amelala chini ya mti akiomba afe. Malaika hakumkaripia kwa kukosa imani. Alimgusa, akamwambia ainuke ale. Eliya akala, akanywa, akalala tena, na malaika akarudi mara ya pili na neno lile lile, akiongeza kwamba safari ni kubwa mno kwake. Ile sauti ndogo ya utulivu kule Horebu ilikuja baada ya chakula, usingizi na mwendo wa siku arobaini. Wakati mwingine kinachoitwa ubaridi wa kiroho ni mwili uliochoka. Na huzuni ikikaa majuma kwa majuma, ukakosa usingizi na hamu ya kuishi, mweleze aliye karibu nawe na umwone daktari. Kufanya hivyo hakuipunguzi imani yako.

Yule mama nilikutana naye tena miezi kadhaa baadaye. Mtoto alikuwa bado kwenye matibabu, siku njema na siku mbaya zikipokezana. Nilimweleza kwamba siku aliponiomba sikuwa na maombi ya asubuhi, na kwamba ni yeye aliyenifanya niyaanze. Alinitazama kwa muda, akaniambia, "Basi usiache. Bado tunayahitaji."

Siku hizi napita katika Zaburi ya 119. Ina mistari 176, imegawanywa katika mafungu 22 ya mistari minane minane kwa kufuata herufi za Kiebrania, kwa hiyo fungu moja kwa siku linakutosha siku 22. Mtunzi wake anaisifu sheria ya Mungu toka mwanzo, halafu katika mstari wa mwisho kabisa anasema ametanga kama kondoo aliyepotea, na anaomba atafutwe. Mimi bado niko fungu la nne: "Nafsi yangu imeambatana na mavumbi, unihuishe sawasawa na neno lako." Leo nilikuwa na usingizi, nikausoma mstari huo mara tatu, nikamwambia Bwana kwamba ndivyo nilivyo. Nikamtaja yule mama, nikamtaja mtoto wake kwa jina, nikaenda kazini.