Gari la Jasusi Lilizibwaje?

SWALI: Mhariri, salaam aleikum. Juzi barazani kijana mmoja alitufungulia katika simu yake filamu ya James Bond ya mwaka 1977, The Spy Who Loved Me, ambamo gari jeupe linatumbukia baharini likiwa mbioni, magurudumu yanajikunja, nalo linaendelea na safari chini ya maji kama nyambizi. Mimi ni fundi wa majahazi, nimekalafati vyombo kwa pamba na mafuta miaka mingi, na ninajua jinsi maji yanavyotafuta upenyo. Gari lile lilizibwaje?
Fundi wa Matondoni, Lamu

JIBU: Wa aleikum salaam, fundi. Gari lile halikuzibwa, na hapo ndipo ninapowapa heko waliolitengeneza. Lingekuwa kavu ndani, lingebeba hewa nyingi, na hewa hiyo ingelifanya lielee juu kama debe tupu lililofunikwa, hata lihitaji shehena kubwa ya madini ya risasi ili lizame. Kwa hiyo kampuni ya Perry, ya huko Florida, Marekani, iliyozoea kuunda nyambizi ndogo, ilichukua bodi ya Lotus Esprit, ikaifunga mota za umeme na rafadha, kisha ikayaacha maji yajae tele mle ndani. Aliyeliendesha alikuwa mpiga mbizi hodari, aliyeketi majini akivuta hewa ya mtungi.

Tena halikuwa gari moja. Bodi kadhaa zilitumika, kila moja kwa kazi yake: lile lililoruka kutoka gatini lilikuwa ganda tupu lililosukumwa kwa nguvu ya hewa iliyoshindiliwa, na magurudumu yalijikunja katika jingine. Barabarani walipiga picha Sardinia, Italia. Chini ya maji, visiwani Bahamas. Nyambizi yenyewe iliuzwa mnadani London mwaka 2013 kwa zaidi ya pauni 500,000, ingawa kwangu mimi thamani yake ni ule uamuzi wa kuyakaribisha maji badala ya kupigana nayo.

Mwombe kijana airudishe filamu nyuma kidogo, aisimamishe gari likiwa chini ya maji. Utaona kioo cha mbele kimefunikwa kwa vibao vyembamba, mithili ya luva za dirisha. Nyuma ya vibao hivyo ndiko alikofichwa mpiga mbizi na mtungi wake.