Kabla hujang'oa kifaa, ufuate waya

Ndugu unayeanza kushika nyaya za ndege uliyoiunda mwenyewe hangani, nakuandikia kwa sababu nimeona pesa nyingi zikiteketea bure. Skrini ikizima au redio ikikoroma, mkono hukimbilia kifaa: king'olewe, kinunuliwe kingine. Katika ndege nilizozishika mimi huku Marekani, mara nyingi kifaa hakikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye pini, kwenye kiungo, au kwenye ethi, yaani njia ya umeme kurudi kupitia mwili wa ndege.

Mwenye ndege mmoja, ya alumini na viti viwili, alinipigia simu: joto la oili linapanda kila akiwasha taa za kutua. Sensa ameshabadilisha, hali ni ile ile. Nikamwuliza linapanda kwa muda gani. Akasema papo hapo, akibonyeza tu swichi. Hapo ndipo pa kushikilia. Oili ni lita kadhaa za majimaji, haipati moto kwa sekunde moja. Kinachoweza kuruka kwa kasi hiyo ni umeme. Nikamwuliza tena, starta ikoje? Inazunguka kivivu, akasema, lakini hiyo ni betri imechoka. Alikuwa na dalili mbili, akizihesabu kuwa magonjwa mawili.

Sensa ile ina waya mmoja tu, na upande wake wa pili ni mwili wa injini wenyewe. Injini imekaa juu ya raba za kuzuia mtikisiko, kwa hiyo njia yake ya kuungana na fremu ni mkanda mmoja wa shaba. Umeme wa starta unapita hapo. Umeme wa taa unaorudi kwenye alteneta unapita hapo hapo; mkanda ukiwa mbovu, volti zinazopotea hapo skrini huzisoma kama joto.

Nilipima mkanda ule kwa mita, ikalia pii, maana yake haujakatika. Wengi huishia hapo wakauvua lawama. Lakini mita inapopima hivyo hupitisha umeme mdogo mno. Hata ungebaki uzi mmoja ungetosha kuiliza. Basi injini ikiwa imezimwa, nikafunga waya mrefu kwenye mwili wa injini na mwingine kwenye hasi ya betri, nikazivuta zote mbili hadi kwenye kiti cha rubani, kwa kuwa hakuna mtu wa kushika mita karibu na propela inayozunguka. Tukawasha injini, taa, na kipasha joto cha pitoti, kile kibomba cha kupimia mwendo wa ndege. Alteneta ilikuwa ikitoa ampea 20, mita ikasoma volti 0.4. Gawanya volti kwa ampea, unapata ukinzani wa ohmu 0.02. Unaiona ndogo? Starta ikivuta ampea 200, ohmu 0.02 hiyo inameza volti 4 nzima za betri yako ya volti 12.

Tulipofungua boliti ya mkanda kwenye ukuta wa moto, yaani bati linalotenga injini na chumba cha rubani, chini ya terminali, kile kichwa cha chuma cha mkanda, tulikuta rangi. Ukuta ulipakwa rangi kwanza, mkanda ukafungwa juu yake. Tukapiga msasa hadi bati likang'aa, tukaweka washa yenye meno, tukakaza. Volti ikashuka chini ya 0.05, starta ikaamka, na joto la oili likatulia. Betri ile ile.

Kwa hiyo pima volti wakati mzigo unafanya kazi. Waya uliooza nusu husoma volti 12 vizuri kabisa mpaka uudai ampea.

Kuna waya mmoja naomba uuogope, nao ni wa magneto, kifaa kinachoipa injini cheche bila kutegemea betri. Swichi nyingine ukizizima zinakata saketi. Swichi ya magneto ukiizima inaunganisha magneto na ethi ili isitoe cheche. Waya huo ukikatika au ukichomoka, swichi itakuwa kwenye zima huku injini ina cheche, hata betri ukiwa umeitoa, na propela ikisukumwa kwa mkono injini inaweza kuwaka. Siku uliyofanya kazi nyuma ya dashibodi, mtu asiiguse propela. Na injini ikiwa kwenye mzunguko wa chini kabisa, geuza swichi hadi zima kwa kitambo kidogo tu, usikie inakatika, kisha urudishe. Isipokatika, hiyo ndiyo kazi yako ya siku hiyo.

Skrini zinazozungumza kwa mtandao wa CAN, yaani jozi ya nyaya ambayo vifaa hupashana habari kwayo, zikianza kupotezana, zima umeme wote upime kati ya nyaya zake mbili. Kila ncha ya mtandao ina rezista ya ohmu 120, kwa hiyo utasoma kama 60. Ukisoma 120, ncha moja imekatika au haikufungwa. Ukisoma 40, kuna mtu ameongeza rezista ya tatu. Redio ikivuma kufuata mwendo wa injini, anza na soketi za hedifoni: ziwe na washa za plastiki, zisiguse bati la dashibodi.

Kuhusu solda, ile risasi ya kuyeyusha ya kuungia nyaya, wazee wengine watanibishia. Mimi hubana terminali kwa koleo lake maalumu, kwa sababu solda hupanda ndani ya nyuzi, na pale inapoishia waya unakuwa mgumu. Mtikisiko unaukata hapo hapo. Ukishabana, uvute. Ukichomoka mkononi mwako, shukuru haukuchomoka angani.

Hitilafu inayokuja na kuondoka ndiyo inayochosha watu. Mweke mwenzako akikodolea macho skrini, wewe uchukue kijiti cha plastiki, uguse fungu moja la nyaya, usubiri, uende la pili. Usichomoe wala kukaza chochote kwanza. Akipiga kelele "hapo!", funga utepe wa rangi mahali pale kabla ya kugusa kingine, kwa kuwa ukikaza viungo vitano kwa mpigo hitilafu itajificha, na hutajua ni kipi kati ya vitano kilichokuwa kimelegea.