Kizazi Changu Hakikuwa Kichafu

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Makambako aliniandikia akiniita dada. Ana miaka 24, hedhi yake huja mara nne au tano kwa mwaka, nywele ngumu zimemwota kidevuni, na muuzaji mmoja wa dawa anataka shilingi 80,000 ili amsafishe kizazi. Mdogo wangu, nilikujibu kwa ufupi nikiwa kazini, lakini jambo hili, ambalo kwangu lilikuja kujulikana kuwa ni hali ya homoni iitwayo PCOS, ninalifahamu kwa undani, kwa sababu fedha ya namna hiyo niliitoa mimi mwenyewe, tena kwa mkopo.

Nilikuwa nimeolewa mwaka mmoja na nusu, tukiishi Uyole na mama mkwe wangu. Kila alfajiri kabla hajaamka nilikuwa nikijing'oa ndevu kwa kibanio mbele ya kioo, kisha ninajifunga skafu hadi kidevuni. Mwezi wa Juni hapa Mbeya hakuna anayekuuliza habari za skafu; maswali yalianza Oktoba. Nilipokwenda kupiga picha ya ultrasaundi, mpimaji aliniambia kwamba mayai yangu yamejaa uvimbe, akaita mgonjwa mwingine. Nilirudi nyumbani nikiamini nina saratani, na hadi leo, nikiri tu, sijamsamehe vizuri. Ndipo nikamwendea muuza chupa za dawa ya mizizi. Miezi iliyofuata siisimulii.

Aliyenitoa gizani ni daktari wa wanawake ambaye aligeuza cheti changu na kuchora nyuma yake. Alinieleza kwamba homoni za steroidi, kundi lenye homoni za kike na za kiume, mwili huzitengeneza kutoka kwenye kolesteroli, aina ya mafuta, na kwamba katika ovari, viungo vinavyotunza mayai, kila kifuko cha yai kimezungukwa na matabaka mawili ya seli. Seli za nje hupokea amri ya homoni ya LH kutoka kwenye tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo na kutengeneza androjeni, yaani zile homoni tunazoziita za kiume. Seli za ndani, zikiamriwa na homoni ya FSH, huzipokea androjeni hizo na kuzigeuza kuwa estrojeni, homoni ya kike. Kwa hiyo kila mwanamke huzitengeneza homoni hizo za kiume, na bila hizo estrojeni yake isingepatikana. Alifananisha na mashine ya sembe: wa nje wanakoboa, wa ndani wanasaga. Kwa mwenye PCOS wakoboaji hawalali, na mzigo unawazidi wasagaji.

Kinachowachochea mara nyingi ni LH iliyozidi pamoja na insulini iliyozidi, ile homoni inayodhibiti sukari mwilini, na insulini ina makosa mawili, kwa maana inazisukuma zile seli za nje na wakati huohuo inalifanya ini lipunguze protini inayoishika testosteroni, mojawapo ya zile androjeni, kwenye damu. Testosteroni isiyoshikwa ndiyo inayofika kwenye ngozi na kuleta ndevu na chunusi. Kwa baadhi yetu tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, nazo huongeza fungu lake. Ule "uvimbe" wangu ulikuwa vifuko vya mayai vya milimita 2 hadi 9 vilivyokwama kabla ya kukomaa. Jina la ugonjwa, polycystic ovary syndrome, yaani hali ya ovari zenye uvimbe mwingi wa majimaji, ndilo linalotupotosha, kwa sababu Stein na Leventhal wa Chicago, walioueleza mwaka 1935, waliiona ovari iliyojaa vifuko, na sifa hiyo ikabaki.

Sasa niambieni, chupa ya mizizi inasafisha nini hapo? Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba hadi asilimia 70 ya wanawake wenye hali hii hawajagunduliwa, nasi tunaendelea kupelekana kwa wauza chupa kwa kuona aibu ya kutamka neno ndevu mbele ya daktari. Tuache.

Andika tarehe za hedhi zako. Ikiwa inapita siku 35 kati ya hedhi na hedhi, au unapata chini ya mara nane kwa mwaka, mwoneshe daktari. Omba kipimo cha testosteroni kabla ya kuanza vidonge vya uzazi wa mpango, kwa sababu vidonge hubadilisha majibu. Pima tezi ya shingo, prolaktini (homoni ya maziwa) na sukari, hata kama wewe ni mwembamba. Vidonge vya uzazi wa mpango hushusha LH, dawa ya metformini huusaidia mwili kuitumia insulini, na dawa ya letrozoli, niliyopewa mimi nilipotaka mtoto, huwazuia wasagaji kwa siku chache ili pituitari iongeze FSH na yai likomae. Mwanangu anaanza darasa la kwanza Januari, na mama mkwe wangu ndiye aliyemshonea sare. Ndevu zinachukua muda zaidi. Usitegemee mabadiliko kabla ya miezi sita.

Mdogo wangu wa Makambako, ile 80,000 bado unayo. Panda basi, njoo na karatasi ya tarehe zako, nitakupokea stendi ya Nane Nane, na skafu uje nayo, maana asubuhi huku bado kuna baridi.