Re: Riba 2% kwa mwezi, mbona deni linakuwa kubwa hivi?

Mkuu, umeuliza kwa nini mkopo wa 100,000 wa miezi 12 kwa riba ya 2% kwa mwezi unakudai 124,000. Hesabu ya waliokukopesha haijakosewa. Riba inapigwa kwenye mkopo wote wa mwanzo kila mwezi, hata ukiwa umeshalipa nusu. Ingepigwa kwenye salio linalopungua, yaani deni linalobaki baada ya kila rejesho, riba yote ingekuwa karibu 13,500 tu. Kwa kipimo hicho cha salio linalopungua, hiyo 2% yako ni karibu 3.5% kwa mwezi.

Halafu angalia kilichoingia mkononi. Wakikata ada na bima 5,000 juu kwa juu, umepokea 95,000 lakini riba unalipa kama vile umepokea 100,000. Hapo ndipo wengi wanapigwa, maana tangazo hutaja riba peke yake.

Kabla ya kusaini, dai ratiba ya marejesho kwa maandishi: kila rejesho, riba yake, salio linalobaki, na jumla utakayolipa hadi mwisho. Afisa akisita kuitoa, usisaini.

Soma pia kifungu cha kuchelewa. Faini inayohesabiwa kwa siku juu ya deni lote ni mbaya kuliko ya rejesho lililochelewa. Uliza kama ukimaliza mapema riba iliyobaki inafutwa. Kwa riba ya aina hii mara nyingi haifutwi.

Na mdhamini wako aelezwe waziwazi: ukishindwa, anadaiwa yeye. Fomu yenye nafasi tupu msiiguse.