Janet hayumo kwenye filamu

Wiki hii mmeuliza, ikiwa hadithi moja ya sayansi ya kubuni ina filamu na ina tamthilia pia, kipi bora? Nimeliona swali asubuhi nikasema sijibu, mchana nikalirudia, na sasa ni usiku naandika, maana hapa mmenigusa penyewe.

Kwangu mimi hadithi ni moja tu, Stargate. Wenzangu mnaijua, lile duara kubwa lililofukuliwa Giza kule Misri, alama saba zikikaa sawa katikati panatokea kitu kama maji yamesimama wima, unaingia hapa unatokea sayari nyingine. Filamu ilitoka 1994, kaongoza Roland Emmerich, wamo Kurt Russell na James Spader. Tamthilia ya SG-1 ikaanza 1997 ikaenda misimu 10, epsodi 214, mpaka 2007. Zote nimezimaliza na zote nimezirudia.

Jibu langu ni filamu, na sababu ni lugha. Daniel Jackson, yule msomi wa Misri ya kale anayeigizwa na Spader, akifika Abydos, sayari ya upande wa pili wa lango, hamwelewi mtu na hakuna anayemwelewa yeye. Halafu kuna pale yuko na Sha'uri, dada mwenyeji wa huko, kwenye zile kuta za maandishi, Daniel anasoma, yule dada anamrekebisha matamshi, anasoma tena, anarekebishwa tena, mpaka inamjia kumbe hiki ni Kimisri cha kale, irabu tu ndo zimegeuka. Na hawakubahatisha, walimtumia mtaalamu wa Misri ya kale, Stuart Tyson Smith, ndo akawaundia ile lugha. Sasa njoo kwenye tamthilia, watu wanavuka lango wanafika sayari ambayo hakuna aliyewahi kuisikia, na wenyeji wanaongea Kiingereza! Naelewa, epsodi haifiki hata saa nzima, huwezi kila wiki ukaanza na irabu, lakini kile kilichonishika mimi kilibaki kwenye filamu. Hata O'Neil, kanali anayeongoza kikosi, yule wa filamu ana L moja na amefiwa na mwanae aliyejipiga risasi kwa bahati mbaya na bastola ya baba, anaondoka na bomu na moyoni hana mpango wa kurudi. Wa tamthilia ana L mbili na utani mwingi.

Hivyo ndo nimekuwa nikibishana na watu miaka yote.

Ila naandika hapa huku namkumbuka mama. Mama yangu alikuwa nesi, na hizi filamu za anga hakuwa na habari nazo kabisa, lakini akipita akamkuta Dokta Janet Fraiser kwenye skrini, yule daktari wa kambi aliyeigizwa na Teryl Rothery, alikuwa anasimama. Hakai, anasimama tu mlangoni anaangalia yule dada anavyomshika mgonjwa, Janet akitoka na yeye anaondoka. Basi siku moja katoka zamu ya usiku, mimi nimefika msimu wa 7 wa SG-1, kwenye epsodi ya Heroes, ile ya sehemu mbili. Akakaa avue viatu. Kuna askari amejeruhiwa, mkewe mjamzito, anaamini anakufa na anamwomba Daniel amrekodi kwenye kamera amuage mke wake, Janet kapiga magoti pembeni anamwambia hufi wewe, na palepale Janet ndo anapigwa na silaha ya adui, anakufa. Mimi nilikuwa sijui kama inakuja. Mama ameshika kiatu kimoja mkononi, kingine bado kiko mguuni. Halafu inafika ile ibada ya kumuaga, Carter, mwanajeshi mwenzao wa kikosi, anasimama mbele, na badala ya hotuba anasoma majina ya watu ambao Janet aliwaokoa, jina baada ya jina, na yule askari yupo, kapona, na binti yake mchanga amepewa jina la Janet. Hapo nikasikia mama naye anataja majina. Polepole, kama anajisemesha. Majina ambayo sikuwahi kuyasikia pale nyumbani, na wengine hakuwa na majina yao, alisema tu yule mtoto wa kitanda cha dirishani, yule mzee wa mapafu. Hakulia. Carter alimaliza, yeye akaendelea kidogo, halafu akavua kile kiatu kingine akaenda kulala.

Sasa Janet kwenye filamu hayumo. Na hata angekuwemo, saa mbili zingetosha nini? Yule alikuwepo tangu msimu wa kwanza, tulimwona miaka akipima watu presha na kumgombeza O'Neill, ndo maana yale majina yalikuwa mazito vile.

Kwa hiyo jibu langu bado ni filamu. Kama mnauliza kazi ipi imetengenezwa vizuri zaidi, filamu, wala sirudi nyuma. Lakini mkisema moja inafutwa leo isionekane tena, ifuteni filamu, mniachie SG-1, ingawa najua bila filamu isingekuwepo, na ingawa misimu ile ya mwisho, Richard Dean Anderson akishapungua, mimi siitetei sana.

Mama ameshastaafu. Filamu hajawahi kuiona, nimemwambia Jumamosi tukae tuiangalie. Ameniuliza kama yule daktari yumo, na bado sijamjibu.