Milioni moja na laki nane, waendeshaji sita: tununue nini kwanza?

Swali: Shikamoo kocha. Sisi ni vijana sita wa Majengo, Moshi. Tumezoea kuendesha baiskeli pamoja kila Jumapili na sasa tunataka tuwe timu ya mashindano. Tuna baiskeli mbili za resi za mtumba na nne za milimani za inchi 26. Tumechangishana tukapata Sh1,800,000. Mwenzetu mmoja anasema tununue baiskeli moja nzuri ya kaboni, yaani yenye fremu nyepesi ya nyuzi za kaboni, tumpe yule mwenye kasi kuliko wote, ashinde, wadhamini waje. Wengine wanataka tuanze na jezi ili tuonekane ni timu. Tumebishana hadi tumechoka. Tufanye lipi?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Hongereni kwa kuchanga, maana timu nyingi huishia kwenye maneno kabla ya shilingi ya kwanza kuonekana. Kwa maoni yangu msinunue kaboni, na jezi zisubiri. Nitaanza na kaboni, kwa sababu hoja ya mwenzenu ina ukweli ndani yake na inastahili kujibiwa kwa hesabu.

Tuseme kijana wenu mwenye kasi ana kilo 62 na baiskeli yake ya sasa ina kilo 11. Jumla ni 73. Mkimpa ya kilo 8, jumla inakuwa 70. Kwenye kilima kikali muda wa kupanda unafuata kwa karibu uzito wote unaopandishwa, kwa hiyo atapata nafuu ya asilimia 4 hivi. Kilima cha nusu saa atakimaliza mapema kwa zaidi kidogo ya dakika moja. Hiyo ni faida ya kweli. Lakini njia nyingi za mashindano huku kwetu hazianzii chini ya kilima. Zina kilomita nyingi za tambarare na miinuko mirefu ya taratibu, kama ile ya kutoka Boma Ng'ombe kwenda Usa River, na huko adui ni upepo. Anayekaa vizuri nyuma ya gurudumu la mwenzake anaokoa robo hadi theluthi ya nguvu zake. Kijana wenu akiwa peke yake juu ya kaboni, dhidi ya watu wanne wanaopokezana mbele, atafika chini ya kilima miguu imekwisha, na ile dakika yake moja haitamfaa kitu.

Kwa hiyo fedha yenu iende kwenye vitu vinavyowawezesha sita kutembea pamoja na kumaliza pamoja. Na jambo la kwanza hapo, ambalo timu changa hulisahau kabisa, ni kwamba baiskeli zenu zifanane. Nazungumzia vipuri, rangi achaneni nayo.

Timu kubwa ina gari nyuma lenye magurudumu ya akiba. Ninyi hamna, kwa hiyo gari lenu la akiba ni mwenzako aliye karibu. Kiongozi wenu akipata pancha, mwenzake asimame, achomoe gurudumu lake, ampe, na yeye abaki akiziba. Hilo huchukua chini ya dakika moja kama magurudumu yanaingiliana, na haliwezekani kabisa kama hayaingiliani. Gurudumu la mbele ni rahisi: ukubwa uwe mmoja na aina ya breki iwe moja, za rimu wote au za diski wote. La nyuma lina sharti la ziada, idadi ya gia iwe sawa.

Chagueni gia nane nyuma. Najua mtaambiwa kumi na moja ndiyo ya kisasa. Lakini cheni ya gia nane ndiyo hiyohiyo inayofanya kazi kwenye gia sita na saba, mafundi wengi wanayo kwa sababu ya baiskeli za milimani, ni nene kidogo kuliko za kisasa, na inavumilia vumbi. Pia hakikisheni gurudumu la nyuma ni lile linalobeba kaseti ya kuchomeka (kaseti ni lile fungu la meno ya gia za nyuma), si friwili ya kukaza kwa nyuzi kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu. Ukivua gurudumu utaona tofauti: ya kaseti ina ngoma yenye mifereji, na meno yanateleza juu yake yakibanwa na nati moja ya nje. Ngoma ya Shimano, kampuni ya vipuri vya baiskeli, ya gia nane inapokea pia kaseti ya tisa, na nyingi za kumi kwa kuongeza washa nyembamba, kwa hiyo siku mkipata nafuu hamtatupa magurudumu.

Sasa matairi, na hapa naomba usome polepole, kwa sababu hapa ndipo fedha za mtumba hupotea. Sokoni watakuambia "ishirini na nane" kwa vitu viwili tofauti. Tairi la baiskeli ya Phoenix la 28 na tairi la resi la 700C yote huitwa 28, lakini hayaingiliani hata kwa nyundo. Ubavuni mwa tairi kuna namba ndogo ya tarakimu mbili, kistari, kisha tarakimu tatu, mfano 28-622. Ile ya kwanza ni upana. Ya pili ni kipenyo, kwa milimita, cha sehemu ya rimu ambako tairi linakalia, na ndiyo isiyodanganya. Resi ya kisasa ni 622. Phoenix ya 28 ni 635. Resi nyingi za zamani kutoka Ulaya na Marekani, zile za inchi 27, ni 630. Za milimani za inchi 26 ni 559. Mkinunua resi ya mtumba yenye 630, fremu yaweza kuwa nzuri sana, lakini kila tairi litakuwa safari ya kutafuta. Timu yenu iwe ya 622 tupu, upana wa milimita 28 kama fremu inaruhusu. Kwa kijana wa kilo 60 na kitu, upepo wa psi 70 hadi 75 kwenye geji ya pampu unatosha. Msijaze hadi tairi ligeuke jiwe. Kwenye lami yetu yenye viraka linarukaruka na kupoteza kasi.

Mkienda kuangalia fremu ya mtumba, bebeni uzi na futi ya chuma. Funga uzi pale ekseli ya nyuma inapokaa upande wa kulia, uvute mbele, uzungushe kwenye bomba fupi la usukani, urudishe hadi upande wa kushoto, ukaze. Kisha pima nafasi kati ya uzi na bomba la siti, kulia na kushoto. Tofauti ikizidi milimita mbili au tatu, fremu imepinda, iache hata kama rangi inang'aa. Angalia pia chini ya bomba la mbele, karibu na usukani: rangi iliyojikunja au kupasuka kwa mstari mwembamba ni dalili kwamba iligonga kitu. Jaribu kuchomoa nguzo ya siti. Isiyotoka imeganda na itakugharimu siku nzima na fundi. Chuma nakipenda kwa timu isiyo na fedha, kwa sababu fundi mzuri wa kuchomea anaweza kukirudisha. Kaboni ya mtumba siipendekezi kwa yeyote asiyejua ilikotoka, maana ufa wake unaweza kujificha ndani hadi siku ya mteremko.

Zile nne za milimani msiziuze. Zivalisheni matairi laini yasiyo na meno, ya 559, mfanyie mazoezi mwaka huu huku mkipata resi moja baada ya nyingine. Resi zinazonunuliwa kwa mchango ziwe mali ya timu na iandikwe hivyo, kila aliyekabidhiwa asaini. Urafiki wa Jumapili huvunjika hapo, mtu anapohamia Dar es Salaam na baiskeli.

Mgawanyo wenyewe? Kabla ya kitu kingine chochote, helmeti sita zisizopasuka, mpya kama inawezekana. Anayekuja bila helmeti haondoki na kundi, hata akiwa ndiye bingwa wenu. Halafu sanduku moja la vifaa: seti ya alenki, kifaa cha kukata cheni, cha kufungulia kaseti, spana ya spoku, pampu ya kusimama yenye geji, tyubu, viraka na solusheni, waya za breki na gia, raba za breki, cheni mbili za akiba. Hayo mawili yasizidi theluthi ya fedha yenu. Theluthi nyingine iende kwenye resi moja iliyopita mtihani wa uzi. Iliyobaki iwekeni kwa ajili ya nauli, viingilio na malazi ya mashindano mawili ya kwanza, kwa sababu timu isiyoshindana hufa ndani ya mwaka. Kisha endeleeni kuchanga kama mnavyofanya kwenye kikoba. Elfu tano kila mmoja kwa wiki ni 30,000 kwa wote, na kwa wiki 52 ni Sh1,560,000. Mwakani mtakuwa na karibu kiasi mlichonacho leo bila kumwomba mtu.

Fedha hiyo inalindwa na cheni. Cheni iliyochakaa hurefuka na kula meno ya kaseti, na kaseti ni ghali kuliko cheni. Kupima ni rahisi. Chukua futi ya chuma ya seremala (rula ya shule ya sentimita 30 haifiki), weka sifuri katikati ya pini moja, hesabu vipande 24, vya nje na vya ndani vyote, usome katikati ya pini ya mwisho. Cheni mpya inasoma milimita 304.8, yaani 305 kasoro kidogo. Ikifika 307 badilisha. Ukiiacha ivuke 308, mara nyingi cheni mpya itaruka juu ya kaseti ya zamani na utanunua vyote viwili. Vumbi la huko kwenu ni jekundu na linasaga. Ifuteni kwa kitambaa kikavu baada ya kila safari, mtie mafuta tone moja kwa kila kiungo, mfute tena yaliyobaki nje. Oili chafu ya gari inakusanya mchanga, msiitumie.

Kuhusu mazoezi mna bahati ya kuishi hapo. Upande wa TPC, kwenye mashamba ya miwa, ni tambarare, panafaa kujifunza kupokezana: mmoja mbele kwa sekunde 30 hadi dakika moja, anaangalia nyuma, anasogea pembeni bila kuacha kukanyaga ghafla, anarudi mkiani. Anayeingia mbele asiongeze kasi. Kosa hilo la kuongeza kasi nimeliona likivunja makundi mengi kuliko vilima. Kila shimo lionyeshwe kwa mkono na kwa sauti. Kutoka Himo kwenda Marangu ni kupanda moja kwa moja, na hapo ndipo mtajua nani ni mpandaji wa kweli na nani ni wa kumkinga upepo hadi Himo. Amueni hilo kabla ya shindano na mkubaliane nalo. Barabara kuu ya Arusha ina malori na mabasi, msiiendee kabla ya kupambazuka wala jioni ya giza. Safari ndefu ifanyeni Jumapili asubuhi, mstari mmoja, kushoto kabisa.

Vinywaji vya dukani vyenye rangi si lazima. Lita moja ya maji safi, vijiko vitano vya chakula vya sukari vilivyosawazishwa, robo kijiko cha chai cha chumvi, limao la kukamua. Nusu lita kwa saa pamoja na ndizi mbivu moja inakupa gramu 55 hivi za wanga, na hicho ni kiasi kizuri kwa safari ya saa mbili au tatu. Ndizi mnazo, tena za kuchagua.

Usajili usiupuuze. Andikeni katiba fupi, chagueni viongozi, muende kwa ofisa michezo wa manispaa awaelekeze hatua za kusajili klabu chini ya Baraza la Michezo la Taifa, na mjitambulishe kwa Chama cha Baiskeli Tanzania, CHABATA. Bila kutambuliwa mtabaki mnashiriki bonanza tu, na mdhamini makini atawauliza karatasi kabla ya kuuliza kasi.

Kuhusu huyo mdhamini, msimwendee na ombi la milioni. Mwenye duka la vipuri mwombeni matairi, mwenye hoteli mwombeni chumba cha usiku mmoja, mwenye kiwanda cha maji mwombeni katoni. Baada ya kila shindano mpelekeeni taarifa ya ukurasa mmoja: tulikwenda wapi, nani alimaliza nafasi ya ngapi, kitu chako kilitumikaje. Jezi zitakuja hapo, na jina lake litakuwa juu yake kwa haki.

Mkumbusheni pia mwenzenu wa kaboni jambo hili. Chris Froome, aliyeshinda Tour de France mara nne, alijifunza kuendesha nje ya Nairobi akiwa na David Kinjah, mwendesha baiskeli wa Kenya, na vijana wa kundi lake la Safari Simbaz. Kinjah anawafundisha vijana kutengeneza baiskeli zao wenyewe sambamba na kuziendesha. Na mwezi Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabara yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza Afrika. Si mbali na hapo mlipo.

Kabla hamjatoa hata shilingi, fanyeni kazi moja wiki hii. Zungukeni baiskeli zote sita, mwandike namba ya ubavuni mwa kila tairi, idadi ya gia za nyuma, aina ya breki, na kipimo cha kila cheni. Nitumieni orodha hiyo pamoja na picha ya ngoma ya gurudumu la nyuma la zile resi mbili, nami nitawaambia ni ipi ya kujengea timu na ni ipi ya kubadilisha magurudumu kwanza.