Maswali yenu: Saa inasema sijatembea

Mwanangu, habari za kazi. Mimi nina genge la chakula Tabata. Kijana wangu wa pili kaniletea ile saa ya kuhesabu hatua toka Dubai, sasa kila usiku inaniambia nimefika elfu sita na kitu wakati yenyewe inataka elfu kumi, basi nazunguka sebuleni kama naswaga mbuzi mpaka itetemeke mkononi, wajukuu wananicheka. Hivi nisipofikisha kuna madhara? Na mbona nikisukuma toroli la maji inahesabu kidogo ila siku ya kusonga ugali wa shughuli inapanda yenyewe? (Mama wa genge)

Shikamoo mama. Kwanza kaa chini upumzike, hiyo elfu kumi haikutoka kwa daktari. Tokyo waliandaa Olimpiki mwaka 1964, watu kule wakapata hamu ya mazoezi, na mwaka 1965 kampuni ya Yamasa ikaingiza sokoni kidude cha kufunga kiunoni kilichoitwa manpo-kei, kipima hatua elfu kumi. Namba ya kuuzia biashara hiyo, inakaa mdomoni, ikasambaa dunia nzima mpaka ikafika Tabata.

Utafiti wenyewe ulikuja baadaye sana. Mwaka 2019 I-Min Lee wa chuo kikuu cha Harvard na wenzake walitoa matokeo ya akina mama karibu 17,000 wa Marekani, wastani wa umri miaka 72, waliovalishwa vipimo halafu wakafuatiliwa kwa miaka kadhaa. Waliokuwa wanatembea hatua kama 4,400 kwa siku walikufa wachache kwa asilimia 41 kuliko wale wa hatua 2,700, na faida ikaendelea kuongezeka mpaka kwenye 7,500 hivi, hapo ikatulia. Sawa, mtu mwenye afya ndiye anayetembea zaidi kwa hiyo usiseme hatua peke yake ndizo zilizowaokoa, ila wewe na elfu sita zako upo pazuri mama, usiku lala.

La toroli ni hivi: saa haioni miguu, inasikia mkono unavyoyumba. Ukishika toroli mkono umetulia, saa inadhani umekaa. Ukishika mwiko wa ugali wa shughuli mkono unaenda mbio, nayo inaandika hatua za bure. Kwa hiyo unayoiogopa kila usiku hata jikoni kwako haipajui.

Halafu kuna kisa nakipenda sana. Mwaka 2007 watafiti Alia Crum na Ellen Langer walichukua wahudumu wa usafi 84 wa hoteli saba, akina mama wa kutandika vitanda na kusugua mabafu, nusu wakaambiwa kwamba kazi yao ni mazoezi tosha kwa viwango vya madaktari, nusu hawakuambiwa kitu. Baada ya wiki nne walioambiwa walikuwa wamepungua uzito kidogo na presha imeshuka, na wenyewe walisema hawajabadilisha maisha. Utafiti mdogo, na wapo wanaosema labda waliongeza bidii bila kujijua, mimi nadhani kuna ukweli hapo. Genge ni kazi ya mwili mama, jihesabie.

Sasa dadangu. Mimi ni mkimbiaji wa kujifurahisha tu hapa Eldoret, zamani tulikuwa tunakimbianga na maboyz asubuhi tukipiga stori, siku hizi niko na Strava, ile apu ya kurekodi mbio, na kila mtu anakimbia pekee yake akitafuta muda wake. Muda wangu umeshuka kweli, lakini raha imeisha, kuna asubuhi nakataa hata kuamka. Shida ni nini? (Msee wa Eldoret)

Shida yako inajulikana kaka. Jordan Etkin, profesa wa chuo kikuu cha Duke kule Marekani, mwaka 2016 alichapisha majaribio kadhaa, watu wakipaka rangi michoro, wakitembea, wakisoma, baadhi wakionyeshwa idadi ya walichofanya na wengine hapana. Wanaopimwa walifanya zaidi lakini walifurahia kidogo, na wakawa hawana hamu sana ya kuendelea. Kitu ulichokuwa unafanya kwa mapenzi kikishawekewa hesabu kinaanza kunuka kazi. Umeandika mwenyewe, muda umeshuka na raha imeisha, vyote kwa pamoja.

Na hilo la maboyz usilidharau. Tangu mwaka 1898 Norman Triplett alishaona waendesha baiskeli wanaenda kasi zaidi wakiwa na wenzao kuliko wakiwa peke yao. Na nyinyi mna Kipchoge, Vienna tarehe 12 Oktoba 2019 alimaliza marathoni kwa 1:59:40, gari mbele linamulika mistari ya leza barabarani kumwonyesha mwendo, teknolojia yote ile, lakini bado waliitwa watu 41 wa kupokezana kumzunguka (ndiyo maana haikuandikwa rekodi rasmi). Basi vaa saa siku ya mazoezi magumu, siku nyingine iache nyumbani au ibandike plasta juu ya kioo, halafu wapigie wale wasee simu.

Habari dada, mimi mwanafunzi wa chuo Dodoma, natengeneza apu ya kuwafanya wanachuo wafanye mazoezi. Nimeweka pointi na notifikesheni kila saa moja. Inatosha? (Fundi wa apu)

Notifikesheni kila saa? Watakufuta jumatatu hiyohiyo.

Pointi na michezo zinavuta watu mwanzoni. Pokémon Go, mchezo wa simu wa kuzunguka mtaani ukisaka vikatuni, ilipotoka 2016, utafiti wa jarida la kitabibu la BMJ ulikuta wachezaji wameongeza hatua kama 955 kwa siku wiki ya kwanza, wiki ya sita wamerudi walipokuwa. Angalia badala yake kazi ya mtafiti Sunny Consolvo na wenzake kule Seattle, mwaka 2008 walitengeneza bustani kwenye kioo cha simu, ukifanya mazoezi ua linachipua, ukitimiza lengo la wiki anakuja kipepeo, na usipofanya kitu bustani inakaa tupu tu, hakuna maua yanayonyauka wala sura ya huzuni. Wenye bustani walishikilia mazoezi kupitia msimu wa sikukuu vizuri kuliko wasiokuwa nayo.

Ushauri wangu futa hizo kengele zote acha moja, tena mtu achague saa yake mwenyewe, lengo lianzie pale alipo sasa na si elfu kumi, na uweke sehemu ya kufanya wawili wawili. Timu ya mtafiti Deborah Feltz pale chuo kikuu cha Michigan State ilikuta mtu akipewa mwenza wa kwenye skrini aliyemzidi kidogo, na wakaambiwa anayechoka kwanza ndiye anayepangia timu matokeo, anaendesha baiskeli muda mrefu sana kuliko akiwa peke yake. Aliyemzidi kidogo lakini, ukimpa bingwa atakata tamaa. Ukimaliza nitumie niijaribu, ila simu yangu ni ya zamani kidogo, usiifanye nzito.